Safu ya Mengineyo

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa,
si yaliyotokea.
Ukumbi wa baraza la mji wa Kettle Bend una mabomba ya joto
yanayogonga kama mtu aliyefungiwa ukutani,
na saa nyekundu inayohesabu kinyumenyume:
dakika tatu kwa kila mwananchi,
kisha kipaza sauti hukatwa.

Jumanne ile ya Februari, mto umeganda,
alisimama Bernadine Szymczak,
miaka thelathini na mmoja mtunza hesabu wa kiwanda cha soseji
kilichofungwa, kikabomolewa, kikawa kiwanja,
kiwanja kikawa Ukanda wa Uendelezaji Namba Nne.
Alivua glavu kidole kwa kidole.
Saa ilikwisha anza.

"Mwaka mlipouchora ukanda huu," alisema,
"mliigandisha thamani ya nyumba zetu daftarini
kama mto ule pale nje.
Kodi ikipanda, kilichozidi hakiendi shuleni,
hakiendi maktaba, hakiendi kwa wazimamoto.
Kinapita chini ya barafu, miaka ishirini na mitatu,
kuingia mfuko mmoja.
Sina ugomvi na mfuko.
Nauliza mdomo wake uko wapi."

Akafungua daftari la jalada la kijani,
mistari imepigwa kwa rula.
Mabenchi sita ya chuma: dola elfu arobaini na nane.
"Nimeyakalia yote sita. Yana baridi kama mengine."
Vyungu vya maua, katika mtaa usio na duka.
Ushauri. Ushauri juu ya ushauri.
Hoteli ambayo mpaka leo ni ubao,
KESHO YAKO INAJENGWA HAPA,
na kunguru juu yake.

Kisha safu ya mwisho, Mengineyo:
mwaka wa kwanza elfu tisa,
wa tano laki mbili,
mwaka jana milioni moja na laki tatu.
"Huyu Mengineyo amekua," alisema.
"Amenenepa kuliko mjukuu wangu.
Nani anamlisha? Analala kwa nani?"

Otis Gaither, fundi wa boila, alicheka peke yake.
Mwenyekiti Lindqvist alitazama saa.
Mweka hazina alitazama kalamu.
Mimi nilitazama vidole vyangu,
maana bahasha za hundi zile
nimezilamba mimi, Ijumaa baada ya Ijumaa,
kampuni ile ile, sanduku la posta lile lile.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Yetu ina daftari. Ina madaftari saba.
Ni habari iliyopotea.

Asubuhi ile ile, shule ya Mtaa wa Larkin,
ndoo tatu zilikuwa sakafuni darasa la nne,
na mwalimu Ximena Arriaga alifundisha kugawanya
akipandisha sauti juu ya matone.

Kipaza sauti kilikatika katikati ya neno.
Midomo yake iliendelea kidogo,
kama mtu anayeongea nyuma ya kioo.
Usiku nikaandika:
*Mkazi mmoja alitoa maoni kuhusu Ukanda Namba Nne.
Baraza lilimshukuru.*

Machi, barafu ikaanza kupasuka kwa mlio wa bunduki.
Akarudi. Daftari hakulifungua.
"Kumbukumbu, ukurasa wa sita. Nina jina,"
akalitaja herufi kwa herufi, zile Z zote mbili.
"Na sikutoa maoni. Niliuliza swali."
Akaketi.

Zilibaki dakika mbili na sekunde arobaini.
Hakuna aliyezitaka.
Tulikaa tukizisikiliza zikiisha,
na bomba likigonga.

Nimefuta *maoni*. Nimeandika *swali*.
Chini yake nimeandika *Jibu*, na nukta mbili,
na nafasi nyeupe.
Mwenyekiti ameniagiza niliondoe hilo neno.
Nimemwambia mashine ni nzito leo.

Sanduku la posta nalijua kwa ghibu:
mia nne na kumi na saba.